UZI: Unene uliopitiliza kwa watoto wetu Kigoma. Namna ya kuupima, unakotoka na jinsi ya kuuzuia

#1 LisheKwanza

Wakuu, salaam.

Kigoma tukisema lishe mbaya kwa mtoto, kichwani anakuja mtoto aliyedumaa. Ni sawa, maana udumavu bado upo: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa. Utafiti huohuo ulikuta 4 kati ya 100 wana uzito uliozidi, na hiyo 4 ndiyo inayowafanya watu waseme haya ni mambo ya Dar. Lakini kipimo hicho kinaishia miaka 5, na unene hupanda zaidi baada ya hapo, mtoto anapoanza kushika hela ya shule. Duniani mwaka huohuo WHO (Shirika la Afya Duniani) ilihesabu watoto milioni 37 wa chini ya miaka 5 wenye uzito uliozidi, ila kuanzia miaka 5 hadi 19 walikuwa zaidi ya milioni 390, na milioni 160 kati yao walishafika kwenye unene uliopitiliza.

Ninachotaka tuelewane kwenye uzi huu ni kimoja. Mtoto mnene hapunguzwi uzito kama mtu mzima. Anasimamishwa alipo, urefu unamfikia. Wazazi wengi wanaharibu hapo: ama hawafanyi kitu mpaka mtoto afike miaka 14, ama wanamnyima chakula ghafla.

Kwanza kupima, maana kwa macho tunakosea sana.

Mzani ukae kwenye sakafu ngumu, siyo juu ya kapeti wala mkeka. Mtoto avue viatu na sweta, atoe vitu mfukoni. Kwa urefu, asimame akiwa ameegemea ukuta, visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele, kidevu kisiinuliwe. Chukua kitabu kigumu, upande mmoja ushike ukuta, ukishushe mpaka kikandamize nywele, tia alama kwa penseli, kisha pima kwa tepu ya fundi kutoka sakafuni. Halafu uzito (kilo) gawanya kwa urefu mara urefu (mita). Hiyo ndiyo BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu.

Mfano: msichana wa miaka 10 kamili, kilo 36, urefu mita 1.35. 1.35 mara 1.35 ni 1.82. 36 gawanya kwa 1.82 unapata 19.8. Jedwali la WHO la 2007 kwa msichana wa umri huo linaweka mstari wa uzito uliozidi kwenye 19.0 na wa unene uliopitiliza kwenye 22.6. Kwa hiyo huyu amevuka mstari wa kwanza. Kwa mvulana wa miaka 10 mistari ni 18.5 na 21.4. Miaka 5: wasichana 16.9 na 18.9, wavulana 16.6 na 18.3. Zile 25 na 30 za watu wazima msizitumie kwa mtoto, zitawadanganya miaka yote ya shule ya msingi.

Angalia na kosa hili linavyofanya kazi. Msichana wetu akiwa amesukwa nywele zimefungwa juu, zikaongeza sentimita 3, urefu unasomeka 1.38. BMI inashuka hadi 18.9 na anaandikwa yuko sawa. Sentimita tatu za nywele zimemficha mtoto.

#2 Mwanakibirizi

Mkuu asante kwa uzi. Hoja yangu: nyumba nyingi hazina mzani, ila kadi ya kliniki ipo. Kama mtoto yuko kwenye eneo la kijani la kadi, na ile tepu ya mkono wanayopima wahudumu wa afya ngazi ya jamii nayo inasoma kijani, si inatosha?

#3 Muuguzi wa Kasulu

Haitoshi, na hapa panahitaji maelezo kwa sababu hata wahudumu wanapitia haraka.

Tepu ya mkono hupima mzunguko wa mkono wa juu, na imetengenezwa kumtafuta mtoto aliyekonda, miezi 6 hadi 59. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, njano ni 11.5 mpaka chini ya 12.5, kijani ni kuanzia 12.5. Kijani maana yake hajakonda. Haisemi kwamba hajazidi. Mkono wa sentimita 13 na wa sentimita 20 yote miwili inasoma kijani.

Kadi nayo, ule mchoro unaojazwa kila mwezi mara nyingi ni wa uzito kwa umri. Haujui mtoto ana urefu gani. Chukua mvulana wa miaka 4 mwenye kilo 16.5. Uzito kwa umri yuko katikati kabisa, mama anapongezwa. Sasa mpime urefu: sentimita 92. Kwa umri huo chini ya sentimita 94.9 ni udumavu. Na kwa urefu wa 92, kilo 16.5 ni uzito uliozidi. Mtoto mmoja ana matatizo mawili na mchoro haukuonyesha hata moja. Kwa hiyo mkienda kliniki ombeni urefu upimwe na ujazwe, ni haki ya mtoto. Vijijini, siku ya afya na lishe ya kijiji inayofanyika kila robo mwaka ni nafasi nzuri ya kuomba hivyo.

Kwa asiye na mzani, mtoto kuanzia miaka 5: chukua kamba isiyovutika. Mpime urefu kwa kamba hiyo kutoka utosini hadi kisiginoni, kata. Ikunje katikati. Izungushe kiunoni, nusu ya njia kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi kawaida, bila kujikaza. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, kiuno chake kimezidi nusu ya urefu wake na huyo anatakiwa kupimwa rasmi. Watu wanakosea kwa kupima pale bukta inapokaa. Kwa mtoto mwenye tumbo, bukta inashuka chini yake, kwa hiyo kamba inafika na mzazi anafurahi bure.

#4 BintiGungu

Naomba ufafanuzi kwenye upande wa pili. Mtoto wa mwaka mmoja huwa na mashavu na mikunjo, akifika miaka minne mashavu yanaisha, mbavu zinaonekana kidogo. Bibi anasema kakonda, ana minyoo, inatafutwa dawa ya kuongeza hamu ya kula. Je, ni kukonda kweli?

#5 DaktariWatoto

Dada, swali lako ndilo mlango wa unene wa watoto wengi.

BMI ya mtoto haipandi moja kwa moja. Inapanda mwaka wa kwanza, kisha inashuka. Mtoto wa kawaida wa mwaka mmoja yuko karibu 17, akifika miaka 5 yuko karibu 15.3. Anaifikia sehemu ya chini kabisa kwenye miaka 5 hadi 6, ndipo inaanza kupanda tena. Maana yake mtoto wa miaka 4 mwenye miguu myembamba, mashavu yaliyoisha, anayekimbia kutwa nzima, huyo ndiye mtoto mwenye afya. Hamu ya kula nayo inapungua kwa sababu kasi ya kukua imepungua. Mwaka wa kwanza urefu unaongezeka kama sentimita 25, lakini kwenye miaka 4 ni sentimita 6 au 7 tu. Hahitaji kula kama alivyokula alipokuwa anakua kwa kasi.

Dalili ya hatari ni kinyume chake: mtoto ambaye BMI yake inaanza kupanda kabla ya miaka 5. Wanaopanda mapema hivyo ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuwa wanene ukubwani. Na sisi tunamsukuma mtoto huko kwa mikono yetu, kwa sababu ule wembamba wa kawaida unatutisha.

Kuhusu dawa za hamu. Nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo inaongeza njaa na usingizi. Haimpi mtoto lishe yoyote. Ukiacha, njaa inarudi ilipokuwa, ila tabia ya kula sahani ya mtu mzima inabaki. Mbaya zaidi ni vidonge na dawa za kunenepesha zinazouzwa bila maelezo, ambazo huwa na steroidi kama deksamethasoni au predinisoloni. Mtoto anavimba uso, tumbo linajaa, mikono na miguu inabaki myembamba, michirizi inatokea, na urefu unasimama. Kama mtoto amezitumia kwa wiki kadhaa, msimwachishe ghafla. Mwili wake utakuwa umeacha kutengeneza homoni yake mwenyewe, na kukatisha kwa siku moja kunaweza kumuua. Apelekwe hospitali na pakiti ya dawa mkononi, apunguziwe taratibu.

Minyoo kama mnaihofia, dawa hutolewa kwenye kampeni za Juni na Desemba pamoja na matone ya vitamini A kwa walio chini ya miaka 5. Hiyo inatosha kuanzia.

#6 Mwanakibirizi

Daktari, hapo kwenye kuacha ghafla pangewekwa juu kabisa ya uzi. Shukrani.

#7 LisheKwanza

Naendelea na unene unakotoka. Kwa Kigoma nitaweka vitu viwili mbele ya vingine vyote: sukari ya kunywa na mafuta yasiyopimwa. Ugali, maharage, dagaa na mgebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) havijawahi kuwa tatizo kwa mtoto anayecheza.

Sukari. Mtoto wa miaka 7 au 8 anahitaji kama kalori 1,500 kwa siku. WHO wanataka sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya hizo, yaani gramu 37, na wanashauri bora ikae chini ya asilimia 5, chini ya vijiko vidogo 5. Soda moja ya mililita 350 ina gramu kama 37. Imemaliza siku nzima kwa chupa moja, na hapo chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu haijahesabiwa, wala barafu ya rangi ya getini. Kinachofanya sukari ya kunywa iwe mbaya kuliko ya kutafuna ni kwamba tumbo haliitambui kama chakula. Mtoto akila mihogo ya kuchemsha yenye kalori 150 atapunguza chakula cha mchana. Akinywa soda yenye kalori 150, atakula mchana sahani ileile.

Kupunguza sukari ya chai msifanye kwa siku moja, mtoto atagoma na nyumba nzima itachoka. Toa nusu kijiko kila wiki. Kutoka vitatu hadi kimoja ni wiki nne. Ulimi unazoea, wala hatalalamika.

Mafuta. Mawese ni yetu na siwezi kuyatukana: mawese mekundu yana asili ya vitamini A kwa wingi, kitu ambacho watoto wetu wanakihitaji. Lakini kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, sawa na mafuta mengine yoyote, na karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito yanayoganda. Ukiyachoma jikoni mpaka wekundu upotee, umeiharibu ile faida na kalori zimebaki vilevile.

Jikoni kwetu tunamimina moja kwa moja kutoka kwenye kidumu, na hapo ndipo kipimo kinapotea. Fanyeni hivi: hesabu kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji kwa siku nzima, mboga zote na kukaanga kote humohumo. Familia ya watu sita ni vijiko sita, mililita 90. Tafuta chupa ndogo, mimina vijiko sita vya maji, tia alama ya rangi kwenye usawa wa maji, mwaga, ikauke. Kila asubuhi jaza mafuta mpaka kwenye alama. Yakiisha, yameisha. Kwa mwezi ni lita 2.7. Nyumba ya watu sita inayomaliza lita 6 kwa mwezi ijue kila mtu anakula zaidi ya vijiko viwili.

Sombe (kisamvu) ikiwa na karanga za kutwanga, punguza mawese nusu, kwa sababu karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Dagaa wabanike au wapike mchuzi na nyanya. Wakizamishwa kwenye karai la mafuta wanabadilika kuwa chakula kingine kabisa.

#8 Asali ya Uyui

Nachangia kutoka Tabora. Huku kwetu jibu la haya yote ni asali. Toa sukari dukani, weka asali kwenye uji na chai ya mtoto, ni ya asili na ni dawa. Mbona hamuisemi?

#9 LisheKwanza

Ndugu yangu wa Uyui, asali ya Tabora ni nzuri na nitaendelea kuisifia, ila kwenye hesabu hii haina msamaha. WHO wanaihesabu kundi moja na sukari ya dukani. Kijiko cha chakula cha asali kina gramu kama 17 za sukari, yaani zaidi ya vijiko vidogo vinne. Mzazi anayemwaga vijiko viwili kwenye uji kwa sababu "ni asili" amempa mtoto karibu sukari ya soda. Juisi ya embe iliyosagwa nyumbani nayo iko kwenye kundi hilohilo, hata bila kuongeza sukari. Mpeni embe lenyewe alitafune.

#10 DaktariWatoto

Na mtoto chini ya miezi 12 asilambishwe asali kabisa, hata ya kupaka ulimini. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa sumu ya botulizimu, na utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuwazuia.

Tukiwa hapo kwa wachanga: maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha vyakula vya nyongeza huku ananyonya hadi miaka 2. Kwa anayetumia maziwa ya kopo kwa sababu ya msingi, fuata kipimo cha kopo lenyewe, kijiko kisawazishwe kwa kisu. Kuongeza kijiko "ashibe alale" kunamnenepesha na kunamkausha maji kwa pamoja. Na asilishwe kwa kubanwa pua au kushikwa mikono. Mtoto akigeuza uso, ameshiba. Ukimlazimisha kila siku, unamfundisha kutosikiliza tumbo lake, na hilo kulirudisha akiwa na miaka 9 ni kazi.

#11 Muuguzi wa Kasulu

Niongeze uji wa lishe. Unga wa mchanganyiko wa nafaka tatu, soya, karanga, mbegu za maboga, kisha ndani ya sufuria unaongezwa maziwa, majarini na sukari. Huo ulifaa mtoto aliyekonda, kwa maelekezo ya mhudumu. Kumpa kikombe cha nusu lita mtoto wa miaka 6 mwenye uzito uliozidi, juu ya chai na maandazi, ni kumjazia. Kwa huyo chukua unga wa aina moja tu, dona au ulezi, kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa, ndizi mbivu moja iliyopondwa badala ya sukari, kikombe cha mililita 250. Na uji huo ndio kifungua kinywa chenyewe.

#12 Mtazamo wa Buhigwe

Naomba niseme wazi. Mkoa huu una watoto wanaolala na mlo mmoja. Kufungua uzi mrefu kuhusu watoto wanene ni kuhamisha macho kwenye tatizo la wenye nazo. Hela na nguvu za maafisa lishe ziende kwenye udumavu.

#13 LisheKwanza

Hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Ila rudi kwenye mfano wa Muuguzi, mvulana wa kilo 16.5 na sentimita 92. Huyo siyo mtoto wa wenye nazo. Huyo ni mtoto aliyekosa protini na madini tangu tumboni na kwenye miaka miwili ya mwanzo, akabaki mfupi, kisha kipato kikaongezeka kidogo na kikaingia kwenye maandazi, soda na chipsi, siyo kwenye dagaa na mayai. Mtoto aliyedumaa akipewa kalori nyingi zisizo na protini haongezeki urefu, anaongezeka kiuno.

Na dawa kwa sehemu kubwa ni ileile. Maharage, dagaa, mboga za majani, papai, maziwa ya mama kwa muda wote unaotakiwa, lishe ya mama mjamzito. Kijiji kikifanikiwa hapo kimezuia udumavu na unene kwa mkono mmoja. Hatuombi hela mpya, tunaomba urefu upimwe na hela ya mlo isiishie kwenye sukari.

#14 Mtazamo wa Buhigwe

Kwa kuiweka hivyo nimekuelewa. Basi kwenye maelekezo yenu kila mara semeni "protini kwanza", maana mzazi wa kijijini akisikia "mtoto asinenepe" atapunguza maharage.

#15 LisheKwanza

Nakubali kabisa, na hilo litaandikwa hivyo. Protini haipunguzwi kwa mtoto yeyote.

#16 Mwalimu wa Ujiji

Upande wa shule. Kiwango cha WHO kwa miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya mtoto aheme kwa kasi. Hazihitaji kuwa mfululizo. Kutembea kilomita 1.5 kwenda na 1.5 kurudi ni kama dakika 40, na hizo tulikuwa tunazipata bure kabla watoto hawajaanza kupakiwa watatu watatu kwenye bodaboda. Mzazi anayeogopa barabara kuu anaweza kumshusha mtoto barabara ya ndani, kilomita moja kabla ya shule, atembee na kundi la wenzake.

Kwenye kipindi cha michezo kuna kosa linalofanyika karibu kila shule: mtoto mnene anawekwa golini. Darasa lina watoto 80, mpira ni mmoja, yeye anasimama dakika 40. Rede, kombolela na kuruka kamba vinafaa zaidi, kwa sababu hakuna anayesimama. Wagawe makundi ya 10, kila kundi na kamba yake ya katani, raundi za dakika mbili kuruka na moja kupumzika. Mtoto mzito aanze raundi tatu, wiki inayofuata nne. Msimpeleke mbio za kuzunguka uwanja siku ya kwanza. Atachekwa, magoti yatauma, na hatarudi.

Vibanda vya getini huwezi kuvifukuza, akina mama wale wanasomesha watoto wao. Unakaa nao. Mama anayeuza mihogo ya kukaanga anaweza kuuza na ya kuchemsha, anayeuza barafu ya rangi anaweza kuuza vipande vya papai, tikiti, ndizi mbivu, karanga za kuchemsha. Faida haipungui sana kwa sababu hanunui mafuta. Na shule iweke maji safi ya kunywa, ndoo yenye bomba kila darasa. Pasipo na maji, mtoto mwenye kiu saa nne atanunua kitu kitamu, hilo halina mjadala.

#17 BintiGungu

Mwalimu, hapo kwenye golini umesema kweli.

Swali lingine kwa Daktari: kuna watoto wanene wana weusi shingoni nyuma na kwapani, kama uchafu, unasuguliwa kwa dodoki hautoki. Ni nini?

#18 DaktariWatoto

Siyo uchafu, na tafadhali msiusugue, mtoto anaumia na ngozi inazidi kuwa nene. Ukigusa unahisi ngozi laini yenye unene kama velveti, mistari imejipanga. Mara nyingi ni ishara kwamba insulini imepanda sana damuni kwa sababu mwili hauisikii vizuri. Ni njia ya kuelekea kisukari cha aina ya pili. Apimwe sukari asubuhi bila kula (kwa mmol/L): chini ya 5.6 ni sawa, 5.6 hadi 6.9 ni tahadhari, 7.0 na kuendelea vipimo virudiwe haraka. Uzito ukidhibitiwa, weusi hupungua wenyewe.

Mengine ya kumpeleka hospitali bila kusubiri: kukoroma usiku kwa kukatika pumzi, kisha kusinzia darasani, kunywa maji na kukojoa mno, kichwa kuuma pamoja na kuona ukungu. Mtoto mnene wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea na kulalamika goti, apigwe picha ya nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinateleza, na maumivu yake huwa yanasikika gotini. Akipewa dawa ya maumivu tu na kurudishwa nyumbani, mguu unaharibika kwa maisha.

Kipimo kingine rahisi: mtoto aliyenenepa kwa chakula huwa mrefu kuliko wenzake wa rika. Mnene ambaye ni mfupi na haongezeki urefu, tafuteni sababu nyingine, tezi ya shingo au steroidi, kabla ya kulaumu sahani. Angalizo kwa mkoa wetu: anaweza kuwa aliyedumaa tangu zamani, ndiyo maana kadi ya kliniki isitupwe hata akianza shule.

#19 Mwanakibirizi

Sasa tupeni mpango wa nyumbani. Yule msichana wa kilo 36, mama yake aanzie wapi?

#20 LisheKwanza

Aanze na hesabu, impe utulivu. Mtoto wa umri huo anaongezeka sentimita 6 hivi kwa mwaka. Mwakani atakuwa 1.41. Akibaki kilo 36, BMI ni 18.1. Hata akiongezeka kilo 2, akawa 38, ni 19.1, na mstari wa msichana wa miaka 11 ni 19.9. Amerudi kwenye kawaida bila kupungua hata kilo moja. Lengo la mwaka mzima ni asiongezeke zaidi ya kilo 2, basi.

Sahani: nusu mboga na tunda, robo ugali, robo maharage au samaki. Ugali wa ukubwa wa ngumi yake, siyo ngumi ya baba. Ugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu, kwa hiyo ile robo ya maharage au dagaa isikosekane. Sahani yake ipakuliwe jikoni. Sufuria ikiwekwa katikati watu wakachota, kipimo hakipo. Akitaka kuongeza, asubiri dakika 15, kisha aongezewe mboga na maharage. Hiyo isikataliwe kamwe.

Asubuhi ale. Anayekosa kifungua kinywa anafika saa nne na njaa ya kununua. Apewe muhogo au kiazi cha kuchemsha, yai au maharage, chai yenye kijiko kimoja. Soda ibaki ya sikukuu. Isiwe zawadi ya kufaulu wala ya kunyamaza.

Mpango huu unavunjikia kwenye mambo matatu. La kwanza, mtoto mmoja anapikiwa chake huku kaka zake wanakula chipsi mbele yake. Ataiba, na atakuwa na haki ya kuumia. Nyumba nzima ile kitu kimoja. La pili, bibi au shangazi anampa pembeni kwa huruma. Mzee huyo ashirikishwe tangu mwanzo kwa heshima yake, aelezwe kuhusu ule weusi wa shingoni, apewe jukumu: matunda yote ya nyumba yapitie mkononi mwake. La tatu ni jina. Akiitwa "bonge" au "tipwatipwa", hata kwa mapenzi, anajificha ndani na anakula peke yake. Uzito usizungumzwe mezani.

Chai za kuharisha, vidonge vya watu wazima na kufunga kula, hapana. Mifupa yake bado inajengwa.

#21 Muuguzi wa Kasulu

Usingizi umesahaulika. Miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 hadi 12, na vijana kwa muda wa saa 8 hadi 10. Anayelala saa tano usiku na simu mkononi na kuamka saa kumi na moja kuwahi basi la shule amepata saa 6. Mwili uliokosa usingizi unaongeza njaa, na njaa yenyewe inataka vitamu. Simu zote za nyumba zichajiwe sebuleni kuanzia saa mbili na nusu. Walio na miaka 2 hadi 4, skrini isizidi saa moja kwa siku, chini ya hapo wasipewe. Na asilishwe huku anatazama katuni. Anafungua mdomo bila kujua amekula kiasi gani, na anayemlisha anadhani amepata mbinu.

#22 BintiGungu

Apimwe kila baada ya muda gani? Wengine wanapanda mzani kila Jumapili.

#23 DaktariWatoto

Kila miezi mitatu, uzito na urefu siku moja, mzani uleule, saa zilezile. Kwa wiki moja uzito wa mtoto unapanda na kushuka kwa maji na chakula kilichopo tumboni, hauwezi kukuambia lolote, na yeye anajifunza kuogopa mzani. Andikeni tarehe, uzito, urefu na BMI nyuma ya daftari moja. Vipimo viwili mfululizo BMI ikizidi kupanda na mpango unafuatwa, mchukueni pamoja na daftari hilo, nendeni kwa afisa lishe wa halmashauri au kliniki ya watoto, hospitali ya Maweni kwa walio mjini. Shinikizo la damu lipimwe siku hiyohiyo, kwa mkanda wa saizi ya mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli.

#24 LisheKwanza

Wenye jedwali la BMI kwa umri wa miaka na miezi lililobandikwa vituoni kwao, piga picha iliyonyooka uiweke hapa, ya wasichana na ya wavulana peke yake. Mstari wa miaka kamili pekee unawakosea watoto walio katikati, mfano miaka 10 na miezi 8.